Msichana Aliyekuwa Chini ya Meza

Uvumi huo Kapteni Armelle Guédon wa polisi aliusikia kwa mwoka mikate, asubuhi, kabla hajalipia mkate wake. Mke wa mwoka mikate alikuwa akimwambia mteja wa mbele kwamba Bibi Huguette Dalmont hakuanguka hivihivi. Kuna mtoto alijificha chini ya meza akamtaja jina, na alipotajwa tu, basi, mambo yake yakaharibika. Mteja akajibu kwamba yeye ameambiwa mtoto mwenyewe alikuwa anacheka.

Armelle alilipa akatoka. Maneno ya dukani alikuwa ameyazoea kama alivyoizoea mvua ya Januari, lakini haya yalimganda. Aliendesha gari katikati ya mashamba ya tufaha yaliyobaki matawi matupu, akajilazimisha kufikiria mambo mengine, na kila alipopinda kona yakarudi: mtoto alikuwa anacheka. Yeye mwenyewe ana binti wa rika hilo nyumbani, anayecheka hata akiungua kidole. Alijua jinsi kicheko cha msichana kinavyoweza kumponza mwenyewe.

Jumba la La Houssaye lilikuwa limekodishwa na watu wa filamu. Filamu yenyewe ilikuwa ya kuchekesha: wanawake peke yao wamezuiliwa na theluji katika nyumba moja, mwenye nyumba ameuawa kitandani, na badala ya kulia, kila mmoja kwa zamu yake anasimama katikati ya sebule na kuimba. Mwanamume pekee katika kazi yote alikuwa sanamu la nta, limelala kifudifudi na kisu mgongoni, na wale wanawake walikuwa wakilisalimu kila asubuhi na kuliuliza kama limelala salama. Theluji ilikuwa ya karatasi. Damu ilikuwa sharubati.

Kitu kimoja tu hakikuwa cha kuigiza. Jana, baada ya chakula cha mchana, Bibi Huguette, mzee kuliko waigizaji wote pale, alipanda ngazi akapumzike, usingizi ukamkamata katikati ya ngazi, akabingirika mpaka chini. Sasa alikuwa hospitali mjini Alençon, hajafumbua macho. Daktari alikuta katika damu yake dawa ya usingizi ambayo hakuna aliyemwandikia.

Jana hiyo walikuwa wamekata keki ya wafalme, ile ya sikukuu ya Epifania. Walifanya kama inavyofanywa kila nyumba: aliye mdogo kuliko wote aliingia chini ya meza asione kitu, na kila kipande kilipoinuliwa akataja jina la atakayepewa. Mdogo wao alikuwa Louison Kerbrat, msichana wa miaka kumi na sita, filamu yake ya kwanza. Ndani ya keki hufichwa kisanamu cha kauri kinachoitwa haragwe; atakayelikuta katika kipande chake ndiye malkia. Anavishwa taji la karatasi, wote wanaimba kwamba malkia anakunywa, naye anakunywa. Haragwe lilitokea kwa Bibi Huguette. Akavaa taji, akanywa.

Na chini ya meza, pale alipokuwa amechuchumaa Louison, askari wa zamu waliokota chupa tupu ya matone ya usingizi.

Mwendesha mashtaka alimpigia Armelle simu akiwa bado anaegesha gari. Alisema haoni cha kuchunguza. Aliyemtaja bibi ni binti huyo, chupa ilikuwa miguuni pake, na juzijuzi tu bibi alimkaripia mbele ya watu mpaka akalia. Aletwe mahabusu. Armelle akaomba apewe mpaka baada ya chakula cha mchana. Mwendesha mashtaka, ambaye naye alikuwa amealikwa mahali kula, akakubali.

Armelle akakaa kidogo ndani ya gari. Msichana wa miaka kumi na sita akishaingia mahabusu kwa neno kama hilo, hata akitoka kesho hana kosa, mke wa mwoka mikate hatamtoa kamwe mdomoni. Alikuwa na asubuhi moja ya kumzuia asiingie.

Alianzia chumba cha kulia. Karibu kila kitu kilikuwa kimeachwa kama jana. Maabara walikuwa wameshachukua makombo ya keki, glasi zote, na kikombe cha malkia, kikombe kikubwa cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu, kilichotolewa katika vyombo vya filamu. Walimpa majibu kwa simu akiwa amesimama pale pale. Keki ilikuwa safi. Glasi zilikuwa safi. Dawa ilikuwa ndani ya kikombe. Chupa nayo haikuwa na alama ya kidole hata kimoja.

Hilo la mwisho alilirudia kimoyomoyo. Louison alikula keki kwa mikono, siagi na lozi mpaka kwenye viganja. Sahani yake ilikuwa imechafuka kingo zote. Aliyeishika chupa ile alikuwa na glavu. Na jana wote walikaa mezani na mavazi ya filamu, ambamo kila mwanamke alivaa glavu isipokuwa msichana, aliyekuwa akiigiza mwanafunzi.

Tena kikombe hakikumlenga Huguette. Kilimlenga malkia, awe yeyote. Basi mtia dawa ama hakujali atakayekunywa, ama alijua mapema haragwe litamwangukia nani.

Akamwita aliyekata keki.

Sabine Orsel, aliyeigiza shangazi wa nyumba ile, aliingia na gauni la hariri na glavu zinazofika viwiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Alikaa kwenye ukingo wa kiti ili asilikunje gauni.

"Wewe ndiye uliyekata?"

"Popote nilipo nakata mimi, Kapteni. Mkono wangu hautetemeki."

"Kisu kikigonga haragwe, mkono unahisi?"

"Kauri ngumu, keki laini. Nani asihisi?" Kisha akaongeza upesi, "Lakini hilo halisaidii kitu. Anayetaja majina ni mtoto, na yule mtoto haoni."

Armelle hakuuliza tena habari ya kisu. Aliona tu jinsi mwanamke huyo alivyokuwa na haraka ya kuyasukuma mazungumzo chini ya meza.

Wakati huo muziki ukaanza sebuleni. Sauti ya mwanamke ikapanda, nzito na tamu, ikiimba habari za mpenzi aliyeondoka na baridi. Armelle akauliza anayeimba ni nani.

"Mimi," Sabine akasema, na mdomo wake ukafumbwa tena huku sauti yake ikiendelea ukutani.

Akaeleza. Nyimbo zote zilirekodiwa studio Paris kabla ya kupiga picha; mbele ya kamera wanachezesha midomo tu. Huu ulikuwa wimbo wake. Halafu mwongozaji akabadili mawazo akampa Clarisse Vautrin, nyota wa filamu. Sauti ya Clarisse wangeitia baadaye. Kwa sasa walikuwa wanapimia taa kwa sauti hii.

"Wanaupiga picha lini?"

"Ilikuwa iwe jana jioni. Kwa sababu ya ajali wameusogeza leo. Kesho jumba linarudi kwa wenyewe."

"Na Clarisse akiugua leo?"

"Nani mwingine anayajua maneno na hatua?" Sabine alisema, akitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likamtoka, akauliza kama anaweza kwenda.

Armelle alimruhusu. Alikuwa na sababu mkononi, lakini ilikuwa sababu ya kumlaza Clarisse, na aliyelazwa alikuwa Huguette. Mwendesha mashtaka angemcheka.

Akarudi kwenye haragwe. Lilikuwa limewekwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki: kondoo wa kauri, mweupe, mdogo kuliko ukucha wa dole gumba. Akalipeleka dirishani. Katika mikunjo ya manyoya ya kondoo yule palikuwa na rangi nyekundu, nyekundu ya cheri, imejipenyeza kama udongo kwenye soli ya kiatu.

Rangi ya mdomo. Huguette aliigiza bibi mgonjwa. Walimpaka unga mweupe mpaka midomoni. Mwenye midomo ya cheri katika nyumba ile alikuwa mmoja.

Clarisse Vautrin alikuwa katika chumba cha nywele, kichwa kimejaa rola, na nyuma yake amesimama msusi, Bi. Odette, na pini za nywele zimebanwa kati ya meno. Armelle alimwonyesha mfuko.

"Hili lilianza kuingia kinywani mwa nani?"

Clarisse akalitazama, akatazama kioo, akamtazama msusi kwenye kioo.

"Odette, toka kidogo, mpenzi."

"Sitoki," Odette akasema kupitia pini. "Nikitoka rola hizi zinapoa."

Clarisse akahema. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alipouma kipande chake alikuta kitu kigumu, akajua ni haragwe. Jana nywele zake zilijengwa asubuhi nzima kwa ajili ya wimbo. Angevishwa lile taji la karatasi, lote lingebonyea, na Odette angemuua kweli, si kwa sharubati. Basi akalitema kwenye leso, na Bibi Huguette alipogeuka kuomba maji, akalichomeka chini ya keki yake.

"Bibi anapenda taji," alisema. "Alifurahi kama mtoto. Nikajiambia nimefanya jambo jema."

Odette alitoa pini zote mdomoni, moja moja, akaziweka mezani. Alisema kuwa katika maisha yake amewahi kusikia mtu akificha haragwe ili asinunue keki ya wiki inayofuata kama malkia anavyopaswa, lakini kwa ajili ya nywele ndiyo mara ya kwanza, na kwamba kichwa angekijenga upya bila neno. Halafu akasema, "Sasa ona, bibi wa watu," na Clarisse akaanza kulia, na Odette akampa kitambaa akimwambia alie taratibu, kope hizo ni za gundi.

Sasa Armelle alijua aliyekusudiwa. Kipande chenye haragwe kilimwangukia Clarisse, na aliyekitaja kwa jina la Clarisse alikuwa chini ya meza. Mkataji alijua haragwe lilipo, lakini anayetaja majina haoni. Palibaki uzi mmoja tu kati ya kisu na yule msichana, na uzi huo aliyeushika ni msichana mwenyewe.

Alimkuta Louison jikoni na mama yake. Gwenola Kerbrat, dereva wa basi la wanafunzi huko Brittany, alikuwa ameendesha tangu alfajiri na bado hajavua koti. Mbele ya binti kulikuwa na bakuli la kahawa ya maziwa iliyoganda utando. Mama alikuwa akizungumza bila kupumua: kwamba alisema tangu mwanzo, filamu ni filamu na shule ni shule, kwamba baba yako ndiye aliyekutia kiburi, kwamba kule nyumbani simu hailali, kwamba haya sema basi, hata kwa mama yako hutasema?

Louison alitazama bakuli. Alikuwa na sare ya mwanafunzi wa zamani, shingo ya kola nyeupe, na chini ya kola shingo yake ilikuwa imejaa mabaka mekundu.

Armelle akavuta kiti, akaketi upande wa msichana, si mbele yake. Hakumuuliza habari za dawa. Alimuuliza jana alicheka nini.

Msichana akainua macho.

"Wanasema ulicheka chini ya meza," Armelle akasema. "Mimi nina binti kama wewe. Huwa hacheki peke yake bila sababu. Nani alikuchekesha?"

"Nimeahidi."

"Umeahidi nani?" mama akadakia. "Louison. Umeahidi nani?"

"Mama Louison, subiri," Armelle akasema kwa upole, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Gwenola akanyamaza. Alikaa, na koti lake, akaweka mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo ya hospitali.

Ilichukua muda. Msichana alikwangua utando wa kahawa kwa kijiko, akauweka pembeni, akakwangua tena pasipokuwa na kitu. Hatimaye akasema ulikuwa mzaha. Waliambizana wawili tu. Shangazi, yaani Sabine, alimwambia atakapogonga ukingo wa meza kwa mpini wa kisu, amtaje Clarisse. Clarisse avishwe taji, nywele zake zile kubwa zibonyee, watu wacheke. Sabine ndiye aliyemfundisha kila kitu tangu alipofika: namna ya kupumua, namna ya kusimama kwenye taa. Hakumwomba kitu kingine chochote. Alisema wasanii wa kweli hawatoboi mizaha ya wenzao.

"Akagonga?"

"Aligonga. Nikamtaja Clarisse. Ndiyo maana nilicheka." Akaweka kijiko chini. "Halafu nilipotoka chini nikaona taji liko kwa Bibi Huguette. Nikajua nimekosea. Nikajua nilichanganya majina kwa sababu bibi alinikaripia na nilikuwa namfikiria yeye. Kapteni, mimi ndiye niliyemtaja. Bibi akifa ni mimi."

Gwenola alifunika mdomo wake kwa mkono.

"Hukukosea," Armelle akasema. "Ulitaja sawasawa. Haragwe lilihamishwa mezani baada ya wewe kutaja, na aliyelihamisha ameniambia mwenyewe."

Msichana akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha asiyoijua. Armelle akarudia, polepole. Ndipo Louison akalala juu ya meza, paji la uso kwenye mbao, na mama yake akamwekea mkono mgongoni, akaacha kuzungumza kabisa.

Kulikuwa na jambo moja la kumaliza. Armelle alimwendea mtunza mavazi akamwomba glavu za shangazi alizovaa jana. Watu wa filamu hawafui vazi mpaka tukio likamilike, lisije likaonekana jeupe zaidi katika picha inayofuata; na tukio la jana halikuwa limekamilika. Glavu zilikuwa kabatini, zimefungiwa, na jina la Sabine limeshonwa ndani. Leo alikuwa amepewa jozi ya akiba. Kwenye ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia palikuwa na doa la hudhurungi, na doa lilinukia mizizi mitamu, kama ile chupa tupu ya matone.

Alizitia kwenye mfuko akaenda nazo sebuleni. Walikuwa wanapiga picha. Clarisse alisimama katikati, nywele mpya, akichezesha mdomo, na sauti ya Sabine ikatoka ndani yake. Sabine mwenyewe alikuwa ameketi nyuma ya kamera gizani, na midomo yake nayo ilikuwa ikichezacheza, kila neno.

Armelle aliketi kando yake akasubiri wimbo uishe. Kisha akaweka mfuko wa glavu juu ya goti la Sabine.

Sabine hakuugusa.

"Louison amesema," Armelle akasema.

"Ni mtoto mzuri." Akamtazama Clarisse pale kwenye taa. "Nilitaka Clarisse alale. Mchana mmoja tu. Nilitia kikombeni kabla hawajaketi, kwa kuwa ndani yake hakuonekani. Kwa mtu mwenye nguvu zake ni usingizi tu, Kapteni."

"Na chupa?"

"Iliniponyoka wakati wa kukata. Ikaviringika mpaka kwa mtoto."

"Ukaiona pale ilipo."

"Nikaiona."

"Ukaiacha."

Sabine akatikisa kichwa kukubali. Armelle akamuuliza leo asubuhi, watu walipoanza kumsema mtoto, alifikiri nini. Sabine alijibu kwamba alijiambia msichana ni mdogo, hawatamfanya kitu. Alisema hivyo akiitazama theluji ya karatasi iliyokuwa ikimwagwa nje ya dirisha kwa mashine.

Hawakumfunga pingu. Aliomba avue gauni kwanza, lisichafuke, kwa kuwa lingemfaa mwingine, na akatoka kwa mlango wa nyuma na sketi yake ya kawaida. Sebuleni wanawake walisimama na majoho yao ya hariri, wakatazama mlango. Mmoja wao tu, aliyeigiza mpishi, alinong'ona kwamba katika maandishi ya filamu pia muuaji alikuwa shangazi, na wenzake wakamwambia anyamaze.

Armelle akampigia mwendesha mashtaka, akamkuta bado mezani, amefika kwenye jibini. Amri ya kumpeleka Louison mahabusu ikafutwa kabla kahawa haijaletwa. Simu ya hospitali ilikuja baada ya hapo: Bibi Huguette amefumbua macho, ameuliza ni saa ngapi, amekataa supu. Mguu umevunjika lakini akili imo.

Louison alipoambiwa alikaa kwenye ngazi za nje akacheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyemkataza. Mama yake alimfuata Armelle mpaka kwenye gari. Akasema yeye si mtu wa kusoma sana, hajui mambo ya sheria wala ya sinema, na wiki ijayo huyu binti atarudi tena kazini, huko studio, maana mkataba ni mkataba. Basi amwambie kwa maneno ya kawaida, mtoto ajiepushe na nini.

Armelle aliegemea mlango wa gari, akafikiri, akamhesabia kwa vidole:

Asiingie kwenye mzaha ambao anayechekwa hajaambiwa.

Asishike siri ya mtu mzima, hata ndogo, hata kama mtu huyo ndiye anayemfundisha kazi.

Asinywe kitu ambacho hakukiona kikimiminwa.

Asikae kimya kwa kuona haya. Mwenye kosa ndiye anayefaidi ukimya wake.

Asijihukumu peke yake chumbani kabla hajamweleza mtu yote.

Na wewe mama yake, usianze kwa kumuuliza amefanya nini. Anza kwa kumuuliza ameambiwa nini, na nani.